Chupa Yenye Jina Letu

Kibiti, Jumapili, baada ya adhuhuri

Somo yangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo, somo? Koo limeamkaje? Uji unapita, au bado ni siku unapita na siku unagoma? Wanaovuka kuja Nyamisati waliniambia sasa unakula hata wali, ukipondwapondwa na kutiwa mchuzi mwingi. Nikasema alhamdulillahi, nikakaa chini hapo hapo. Wajukuu je? Na binti yako anayekuuguza, Mungu amlipe kheri huko Mafia. Sisi huku wazima, ila uzima wenyewe ni wa kujikongoja. Magoti yanalia nikiinuka kwenye rakaa, na asubuhi nafika kazini nimechoka kama mtu anayetoka.

Ningekupigia simu, lakini najua sauti yako haipandi, na sitaki kukusikia ukiivuta kwa taabu ili mimi nifurahi. Meseji nazo nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nikanunua daftari. Barua hii nampa mama mmoja jirani anayevuka kuja huko kwenye arusi, na bahasha sikuitia gundi. Akitaka kuisoma njiani na aisome. Nimechoka kufunika.

Kilichonikalisha kitako ni semina. Wameleta vijana wapya wa maabara kutoka vyuoni, wengine wanakwenda visiwani kwenye delta, wengine Mohoro, na kabla hawajasambazwa wanafundishwa usalama: namna ya kushika vyombo, namna ya kuhifadhi kemikali, ukimwagikiwa ufanye nini. Sisi wakongwe tumeitwa tukae nao. Siku nzima kwenye viti vya plastiki, somo, kiuno changu kimeota kutu. Mkufunzi ni mwanamke kijana kutoka Dar es Salaam, ana adabu na anajua kazi yake. Siku ya kwanza akauliza, "Mkimwagikiwa na kemikali machoni, mnaoshea wapi?" Nikanyoosha mkono nikasema, "Kwenye ndoo ya koki, mwalimu." Watu wakacheka, na yeye akacheka, halafu akasema, "Ndoo ya koki yenye maji safi ni bora kuliko sinki la kwenye picha." Nikamwona ni mtu wako. Wewe ungesema vile vile.

Maana kila alilosema yule binti kwa kompyuta yake, mimi nililisikia zamani kwa mdomo wako.

Unakumbuka nilivyoingia pale kituoni? Nilikuja na fagio na ndoo. Ukanikuta nimesimama mbele ya kabati la chupa, kitambaa mkononi, midomo inacheza. Ukaniuliza, "Unasoma dua?" Nikasema nasoma chupa. "Umesoma mpaka wapi?" Kidato cha pili, mtihani ukanikataa. "Unaitwa nani?" Nikasema Mama Shabani. "Sikuuliza mwanao." Nikasema Zuhura. Ukapiga kofi, pa! "Somo yangu! Sasa mimi nimeletewa somo yangu aje anifutie vumbi? Weka fagio hilo chini."

Tangu siku ile hukuniita jina jingine ila somo, na mimi nikakuita somo, na kituo kizima kikaendelea kuniita Mama Shabani. Zuhura kwao alikuwa mmoja tu, Bi Zuhura wa maabara. Tulikuwa tunacheka kwamba tuna jina moja na wewe ndiye unayelitumia.

Kuchanganya asidi ulinifundisha kwa ugali. Ulisema, "Mwenzangu, kwenu Mtawanya mnasonga vipi? Mnaweka unga kwenye sufuria halafu mnaumwagia maji?" Nikasema a-a, maji kwanza, unga unafuata kidogo kidogo. "Basi na asidi ni hivyo. Maji kwanza, asidi inafuata kidogo kidogo. Ukigeuza, huo ugali utakurukia usoni." Mpaka leo sijawahi kukosea. Na ushungi wangu ulipopita karibu na taa ya spiriti, ukaukamata ncha, ukaukunja, ukanitia pini wewe mwenyewe: "Peponi utakwenda kwa sala, somo, usitafute njia ya mkato kwa moto huu." Na yule muuguzi aliyeweka bakuli lake la samaki kwenye friji ya sampuli! Ulilitoa, ukalipeleka mpaka wodini mbele ya wagonjwa, ukamwambia, "Shoga, kambare wako amelala na damu za watu. Mle kwa bismillahi nyingi." Hakurudia yeye wala mwingine.

Nilipotoka kwenye kozi ile fupi na kuanza kutengeneza dawa mwenyewe (nasema dawa, unajua sisi kila kilichomo kwenye chupa ni dawa), ulinipa kalamu na plasta ya kuandikia. Ukasema kila chupa iandikwe imebeba nini, imetengenezwa lini, na nani. Mimi nikaandika "Mama Shabani". Ukaibandua. "Nyumbani una mtoto. Hapa una jina. Siku kikitokea kitu, Shabani ataitwa kujibu?" Nikaandika Zuhura. Nakwambia kweli, sikuwa nimeliandika jina langu tangu siku ya mtihani ule wa kidato cha pili. Nililipenda. Nikawa naanza nalo kabla ya vingine vyote, nalivuta ile Z kwa madaha.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, somo, na kalamu inaanza kuwa nzito.

Ramadhani ile ya mwisho wako kazini, chupa ya kahawia ya asidi ya kuoshea slaidi za makohozi ilikuwa imevunjika, na nyingine haijaletwa. Mchana ule ulikuwa wodini. Nikatengeneza asidi, maji kwanza kama ulivyonifunza, nikaimimina kwenye chupa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu, iliyotupwa na mgonjwa. Nikakata plasta, nikaandika Zuhura. Nikaandika tarehe. Nilikuwa nainua mkono niandike asidi, dirishani nikaitwa, mama ana mtoto ameshikwa na degedege, anataka kipimo cha malaria upesi. Nikaiacha kalamu. Nilipomaliza ya mtoto, nilikuwa nimesahau kwamba sijamaliza ya chupa.

Alasiri ukaniambia, "Somo, nichotee maji ya kufuturia, niwekee pale nje kwenye meza ya kuandikishia, leo naona kazi haitaisha." Nikachota kwenye mtungi, nikajaza chupa kama ile ile, nikaiweka mezani. Hiyo sikuiandika kitu. Maji ya kunywa nayaandikia nini?

Halafu akaletwa yule mzazi anayevuja damu, apimiwe damu ya kuongezewa. Ukasema, "Safisha meza ya ndani yote, nataka nafasi." Nikabeba kila kilichokuwa juu. Na ile chupa nikaibeba, kwa mkono wangu huu ninaoandikia, nikaitoa nje, nikaiweka kwenye meza ya kuandikishia. Zikawa mbili pamoja. Sikuziangalia. Nilikuwa naangalia uso wako namna ulivyoinamia zile damu, swaumu kavu, midomo imepasuka, na mkono hautikisiki.

Adhana ikatoka ukiwa umemaliza. Ulinipa karatasi ya majibu niikimbize wodi ya wazazi. Ukauliza, "Maji yangu?" Nikajibu huku nakimbia, "Mezani, somo!"

Ukanawa mikono. Ukatoka. Hukunywa ndani ya maabara hata siku hiyo. Ukakuta mezani chupa mbili, moja haikuandikwa kitu, moja ina jina lako.

Niliporudi ulikuwa umekaa chini, mkono kifuani. Muuguzi anapiga kelele utapishwe, na wewe unakataa kwa kichwa, unaonyesha ndoo, unasukutua, unatema, unasukutua, unatema. Maana ulitufundisha kwamba kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Ulikuwa unajitibu mwenyewe kwa somo ulilotupa sisi. Mimi nilisimama na chupa nimeishika. Niliisoma. Zuhura, tarehe, na nafasi tupu chini yake.

Sasa sikiliza nilichofanya, kama hukijui. Wiki ya pili alikuja bwana mmoja kuchunguza. Alikuwa na haraka, alikuwa na vituo vingine vya kupitia kabla jua halijazama. Akaiweka ile chupa mbele yangu akauliza, "Hii chupa ya nani?"

Nikasema, "Ya Zuhura."

Akaandika. Hakuuliza Zuhura yupi. Kwake Zuhura alikuwa yule aliyelazwa, na mimi karatasi yake ilikuwa imeniandika Mama Shabani, mhudumu. Akasema, "Basi alijiwekea mwenyewe." Mimi nikanyamaza. Akanipa niweke sahihi, nikaweka.

Somo, nimeyapima maneno yale kwenye mswala miaka yote hii. Chupa ilikuwa ya Zuhura. Sikutamka uongo. Na hakuna uongo niliowahi kuutamka uliofanya kazi kubwa kama ukweli ule. Ripoti ilitoka imeandika kwamba umeumia kwa uzembe wako mwenyewe. Uzembe! Wewe uliyekuwa unapangusa hata kizibo. Wakakupumzisha kwa ugonjwa, na neno hilo likabaki kwenye faili lako mpaka leo hii ninapoandika.

Nilipokuja kukuona hospitali ulikuwa huwezi kusema. Nilikuwa nimekuja na maneno tayari, wallahi, nimeyapanga njia nzima. Ukaniashiria karatasi na kalamu. Nikafikiri utaniuliza. Ukaandika: "Umefuturu?"

Nikatikisa kichwa, sijafuturu. Ukasukuma tende zilizoletwa kwako, ambazo huwezi kumeza, ukanionyesha nile. Nikala mbele yako. Yale maneno niliyameza pamoja nazo. Na mpaka leo sijui, ulikuwa unajua ni mkono wa nani? Uliutambua mwandiko? Ile Z uliiona ukinifundisha. Kama ulijua ukaninyamazia, basi nina deni la kunyamaziwa juu ya deni la koo. Na kama hukujua, ndiyo unajua sasa, na mimi ndiye niliyekwambia.

Nitakueleza pia kwa nini nilinyamaza, si kwa kujitetea. Niliogopa kurudi kwenye fagio. Ndiyo hivyo tu. Watu wengine hunyamaza kwa makubwa, mimi kwa fagio.

Nikafunga Sita ya Shawwali kila mwaka kwa nia yako. Nikaomba toba. Ustadhi wetu anasema kila mara kwamba kosa la mtu na Mola wake lina mlango wazi, lakini haki ya mja inataka mja mwenyewe. Nikilisikia hilo nainama nachezea kona ya mkeka. Unazeeka, unachoka, unazoea. Mtu huzoea hata mwiba wa samaki kooni, nilitaka kuandika hivyo, nikakumbuka namwandikia nani. Unisamehe.

Basi Ijumaa kwenye semina, mkufunzi akasema atatuonyesha mifano ya ajali halisi ili tujifunze. Akawasha kompyuta yake. Mfano wa tatu: "Mtumishi Z. alihifadhi asidi kwenye chupa ya maji ya kunywa, akasahau, akainywa mwenyewe wakati wa kufuturu." Hakutaja kituo. Lakini nilijua kabla sijamaliza kusoma.

Kijana mmoja nyuma akasema, "Huyo swaumu ilimkolea!" Mwingine akasema, "Dah, alijimaliza kiroho safi." Chumba kikacheka. Siyo watu wabaya, somo, ni watoto, wamekaa siku nzima, mtu akitupa mzaha wanaudaka. Binti aliyekaa pembeni yangu alikuwa ameliona jina langu kwenye karatasi ya mahudhurio. Akanigusa bega, akasema kwa sauti ya utani, "Z.! Bi Zuhura, isije ikawa ni wewe jamani!"

Nikasema, "Mimi? Mimi sikunywa."

Wakacheka tena. Na mimi, ewe Mola nisamehe, nikatabasamu.

Mara ya pili, somo. Kweli nyingine iliyonyooka kama rula. Nilitoka nje nikasema nakwenda kutia udhu. Nikasimama bombani nikaacha maji yatiririke bure, mimi ninayewagombeza watu kwa kupoteza maji.

Mkufunzi akanifuata. Alidhani naumwa. Akasema, "Mama, pole na uchovu. Jumatano ndiyo siku ya mwisho, tunaomba wewe uwaonyeshe kuandika lebo. Wanasema hakuna anayeandika lebo vizuri kama wewe." Nikamwambia sawa. Ni kweli naandika vizuri. Tangu siku ile naanza na jina la kitu, kwa herufi kubwa, kabla sijaandika jina la mtu yeyote. Kalamu haitoki mkononi mwangu mpaka nimalize, hata mlango ugongwe na nani.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa mganga mfawidhi wetu, nikamkuta anapanga makaratasi yake kwenye maboksi, amepata uhamisho. Nikamwambia yote, kama nilivyokwambia wewe. Akavua miwani, akajisugua macho.

"Mama Shabani, na wewe unataka kufukua makaburi?"

"Hajafa, daktari. Yuko Mafia."

"Faili lilishafungwa."

"Lifunguliwe."

"Unajua litakachokufanya?"

Nikasema najua, na fagio nalijua, lilinilea. Akavaa miwani tena. Ni mtu mwema, amechoka tu kama sisi. Akasema, "Siwezi kufungua faili la mtu kwa maneno ya mtu mwingine. Wewe andika ulichofanya. Na yeye mwenyewe aandike kwamba anataka lifunguliwe, asahihishiwe. Nikizipata zote mbili kabla sijaondoka mwisho wa mwezi nitazipeleka kwa mkono wangu. Anayekuja simjui, na asiyekujueni hatakuwa na haraka."

Yangu nimekwisha iandika. Nimeiacha mezani kwake jana, nimeweka sahihi kwa jina langu kamili na jina la baba yangu. Nimeitanguliza kusudi, kabla ya barua hii, usije ukadhani nakuja kununua msamaha. Hata usiponijibu, yangu ipo pale.

Jumatano pia nitasema mbele ya wale vijana. Hilo sikuombi ruhusa, maana walikucheka mbele yangu. Nitawaambia Z. hakuwa mzembe. Nitawaambia zilikuwa Z mbili, na aliyeandika ni mimi, na aliyekunywa ndiye aliyenifundisha kuandika. Jina lako kamili sitalitaja, wala kituo. Wakitaka kucheka wanicheke mimi, nipo mbele yao, nina koo zima la kuwajibu.

Lakini faili ni lako. Mimi siwezi kuliingia tena bila wewe, nililiingia mara moja bila wewe na umeona. Huenda umeshalizika hilo neno na hutaki lichimbuliwe, hutaki watu waje kukuhoji na sauti yako hiyo. Hilo nitalielewa. Huenda una hasira nami, na hiyo nitaielewa zaidi. Sikuombi uniambie umenisamehe. Nakuomba mistari miwili tu kwa mganga mfawidhi: nataka faili langu lifunguliwe. Binti yako aandike, wewe utie sahihi. Na kama hutaki, niandikie sitaki, ili nijue nimekuuliza na umejibu mwenyewe kwa neno lako.

Nakutakia afya, somo, na usingizi usiokatika. Nimekuombea leo kwenye adhuhuri na nitakuombea alasiri. Chombo kinaondoka kesho asubuhi, na huyu mama atarudi baada ya siku nne. Mpe yeye. Tafadhali nijibu upesi.

Wasalaam,
ni mimi somo yako.